Mfuko badala ya dadu: kisa cha boksi la kuanzia lililokwama Kibokoni

Boksi lenyewe, la kuwaanzishia watu mchezo wa uhusika, lilikuwa zuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu ukisikia kitu kimekwama unadhani ni kibovu, na hapa haikuwa hivyo. Kadibodi ilikuwa ngumu, juu yake pamechorwa Ngome ya Yesu inavyoonekana kutoka baharini. Ndani mlikuwa na kitabu cha kanuni, kitabu cha mkasa (yaani kisa cha kuchezwa), karatasi tupu za wahusika, ramani ya Mji wa Kale iliyochorwa na mtu anayevijua vichochoro vyake kwa miguu, na seti moja ya dadu saba za maumbo tofauti zilizoagizwa kutoka nje. Waliolitengeneza ni watu watatu wa Mombasa. Mmoja anafanya kazi ya kliaringi bandarini na ndiye mwandishi wa kanuni, wa pili ni mchoraji, wa tatu ni mwalimu wa sekondari. Nitawaita kwa kazi zao.

Kwa asiyewahi kuketi kwenye meza ya aina hii: mchezo wa uhusika hauna ubao wa kuzunguka wala mshindi wa mwisho. Kila mchezaji anashika mhusika mmoja na kusema anachofanya. Mwenzao mmoja, ambaye watu hawa wanamwita mtambaji, anaeleza mahali, anawasemea walinzi na wachuuzi, na anasema kinachotokea. Jambo likiwa na mashaka, kanuni na bahati huamua. Mkasa wa watatu hawa umewekwa katika miaka ya kuzingirwa kwa ngome, Machi 1696 hadi Desemba 1698, Waomani wakiwa nje, Wareno ndani, na watu wa pwani wakiwa pande zote mbili. Sijaona mandhari bora zaidi kwa mchezo wa namna hii. Njaa ipo, maradhi yapo, bahari ipo, na kila nyumba ina sababu yake ya kuwa upande iliopo.

Boksi la kuanzia lina kazi ambayo kitabu kikubwa hakina: linachukua nafasi ya mtu. Wengi wanaocheza michezo hii walifundishwa na mwenzao aliyekwisha kuijua. Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani ulioanzisha aina hii, ilipotoka mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi dogo, maandishi yake yalimchukulia msomaji kuwa tayari ni mzoefu wa michezo ya vita ya vinyago. Asiye mzoefu alihitaji rafiki. Mwaka 1977 kampuni ya TSR, wachapishaji wa mchezo huo, ikatoa boksi la wanaoanza lililohaririwa na J. Eric Holmes, daktari wa mishipa ya fahamu, lenye kitabu cha kurasa 48 kinachomfikisha mhusika ngazi ya tatu tu ya ustadi. Ilikuwa hatua kubwa, lakini matoleo ya mwanzo ya boksi hilo hayakuwa na mkasa kamili. Ulipewa vipande vya ramani na orodha za viumbe na hazina, ukajipange mwenyewe. Mkasa wa kufuata uliongezwa baadaye.

Aliyegeuza mpangilio ni Frank Mentzer wa TSR, mwaka 1983. Kitabu cha mchezaji katika boksi lake jekundu kinakuchezesha peke yako tangu kurasa za kwanza. Wewe ni mpiganaji, unaingia pangoni, unakutana na nyoka, na unajifunza maana ya pigo na ya uhai kwa kuwa vimekufika, si kwa kusoma jedwali. Halafu boksi la 2014 la toleo la tano la mchezo huo huo likaja na wahusika watano waliokwisha kuandaliwa, kanuni za kurasa 32 na mkasa wa kurasa 64. Mkasa mara mbili ya kanuni, na namna ya kumuunda mhusika wako mwenyewe haimo kabisa.

Mwandishi wetu anayajua haya yote kuliko mimi. Hata hivyo boksi lake lilianza na historia, likafuata uundaji wa wahusika, zikafuata kanuni, na mkasa ukaja mwisho. Alipolijaribu nyumbani kwake Tudor lilikwenda vizuri kila mara, kwa sababu kila mara alikuwepo yeye. Aliruka kurasa, akagawa wahusika kwa mdomo, akawaambia wageni "hilo liache kwanza". Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililoingia kwenye karatasi.

Usiku wa jaribio

Mwalimu ndiye aliyesisitiza boksi lipelekwe mahali ambapo hakuna hata mmoja wao angekuwepo. Likachaguliwa baraza moja la Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, ambapo vijana hukutana baada ya Isha kwa keram na dhumna. Kijana mmoja akapewa boksi mchana, bila maelezo. Mimi nilikaribishwa kwa sharti: nikae, ninywe kahawa, niandike, nisijibu swali lolote.

Kitu cha kwanza kutolewa ndani ya boksi kilikuwa dadu. Vitabu havikuguswa. Dadu ya pande nne ikaleta ubishi wa kwanza, maana ikitua haina uso wa juu, ina ncha, sasa namba ni ipi? Ile ya pande ishirini, ambayo kanuni zote za kitabu zilisimama juu yake, ilirushwa kwa furaha, ikaruka ukingo wa baraza na kubingirika hadi chini ya tuktuk iliyoegeshwa. Ilipatikana kwa tochi ya simu. Nikaandika kwamba boksi lina dadu moja tu ya aina hiyo, na ikipotea usiku wa kwanza mchezo umekwisha, maana dukani mtaani utapata dadu za ludo basi.

Kisha mwenye boksi akafungua kitabu na kuanza kusoma kwa sauti ukurasa wa kwanza. Vasco da Gama anafika Mombasa Aprili 1498. Ujenzi wa ngome unaanza 1593, mchoro ukiwa wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Yote sahihi, na yameandikwa kwa mkono mzuri. Alipofika ukurasa wa nne, wawili walikuwa kwenye simu, mmoja amekwenda kutafuta viazi karai, na aliyebaki akauliza, "Yakhe, sasa hapa twacheza lini?"

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki. Kijana mwingine, msemaji wa baraza lile, akakifunga kitabu kwa kiganja. "Lete hapa. Mie n'tawaambia." Alikuwa amesoma maneno ya nyuma ya boksi tu. Akaanza: ni usiku, ngome imezingirwa, ndani kuna njaa, nyinyi mumo ndani ya mtumbwi chini ya ukuta na magunia ya mchele, na juu kuna mlinzi. Watu wakasogea. Aliyekwenda kununua viazi akarudi akaambiwa yeye ni nani kabla hajakaa. Mmoja akajifanya mpiga mbizi. Mwingine akasema yeye ni binamu wa yule mlinzi, na mlinzi ana deni lake. Mchezo ukawa hai kabisa, bila kanuni hata moja ya kitabu.

Uliendelea hivyo mpaka wawili walipotaka mambo yasiyoweza kwenda pamoja.

"Mimi nishampiga kisu."

"Hujampiga. Ana ngao."

"Ngao ya wapi? Si umesema amesinzia?"

Hakuna aliyekwenda kitabuni, na kwa nini aende? Mmoja akachukua dadu akarusha. "Sita!" Kimya. Sita ni nini? Mwenzake akarusha, nne. Ikakubalika kwamba sita inaishinda nne, lakini inaishinda katika jambo gani, hakuna aliyejua. Kuanzia hapo wakarusha kwa zamu, kila mmoja akitangaza namba kwanza, kisha akitafuta cha kusema amefanya. Hadithi ikafa taratibu huku dadu zikilia.

Mawili mengine yalitokea usiku huo. Jirani alipita, akasalimu, akakaa kama desturi ya barazani ilivyo. Alipotaka kuingia mchezoni, mwenye boksi akamfungulia sura ya kuunda mhusika, yenye majedwali kurasa nzima. Akaitazama kwa adabu, akaaga. Baadaye kidogo mzee mmoja wa mtaa, akirudi nyumbani, akatupa macho katikati ya duara. "Wanangu, dadu barazani?" Hakugomba. Aliuliza tu na kuendelea na njia yake. Dadu zikaingia mfukoni, ubao wa keram ukaletwa, boksi likafungwa.

Maelezo ambayo hayakutosha

Niliposoma maandishi yangu mbele ya watatu, mwandishi alisema watu wa siku hizi hawasomi. Mchoraji alisema mchezo ni mgeni, lazima kwanza ujengwe utamaduni wa kucheza. Yote mawili husemwa mara nyingi, na yote mawili yanapingwa na kilichotokea. Kijana alisoma kurasa nne kwa sauti mbele ya wenzake wenye njaa ya kucheza, na sijui ni wangapi wetu tungefika hata ya pili. Na kuhusu utamaduni, watu wale waliingia ndani ya wahusika wao haraka kuliko meza nyingi nilizowahi kuketi. Deni la mlinzi lilibuniwa papo hapo, na lilikuwa wazo zuri kuliko chochote kilichoandikwa katika kitabu cha mkasa. Barazani watu wanajua kutamba, kudakia, kupinga na kuchombeza. Hawahitaji boksi liwafundishe hayo.

Mchoraji, kwa nia njema, akapendekeza mtambaji aanze kwa "Paukwa!" na wachezaji waitikie "Pakawa!" Mwalimu akamwambia vijana wa umri ule wataona wanachezeshwa chekechea. Nadhani alisema kweli. Mambo ya kwetu hayawi yanafaa kila mahali kwa kuwa tu ni ya kwetu.

Walichokosa ni kitu kidogo na mahususi: kujua ni wakati gani bahati iitwe. Na hapa walikuwa na mazoea yanayowavuta upande wa pili. Keram haina dadu, dhumna haina dadu. Dadu wanayoijua ni ya ludo, mchezo uliosajiliwa Uingereza mwaka 1896 kutokana na pachisi ya Kihindi. Katika ludo dadu inatangulia. Unarusha, namba inakuamuru, kete inatii. Katika mchezo wa uhusika kusudi linatangulia: sema unataka nini, mezani pakubalike kwamba jambo lina mashaka, jueni kila upande unaweza kupoteza nini, kisha ndipo bahati iulizwe. Kitabu kilisema hivyo mahali fulani katikati, kwa sentensi moja. Nyumbani kwa mwandishi tatizo halikuonekana kwa sababu dadu alizishika yeye mkononi, na kumpa mchezaji wakati ulipofika. Ile ilikuwa kanuni muhimu kuliko zote za mchezo wake, na aliitekeleza kwa vidole bila kuiandika.

Swali la mzee

Jambo la mzee ni rahisi kulipuuza ukiwa mbali na Mombasa. Ukiwa Mji wa Kale ni sehemu ya usanifu, sawa na bei ya karatasi. Ipo hadithi ya Mtume katika Sahih Muslim inayokemea vikali mchezo wa nardi, mchezo wa dadu wa kale. Wanazuoni wengi wakaitegemea kukataza michezo ya dadu hata pasipo pesa. Wapo wengine wanaoona katazo linaangukia kamari. Si kazi ya boksi la mchezo kuamua. Kazi ya boksi ni kutomweka kijana wa miaka kumi na minane katika hali ya kutetea fiqhi mbele ya mzee wake kwa sababu tu alitaka kuvusha magunia ya mchele hadi ngomeni.

Wazo la kwanza likawa simbi. Rusha simbi nne, hesabu zilizoangukia mgongo. Ni za pwani, zinapendeza, hazina dadu. Mama yake mwalimu alizikuta mezani akauliza nani anapigiwa bao. Wazo likaishia hapo, na ni vyema, maana kurusha simbi mbele ya kundi la watu usiku kunaonekana ni uganga hata ukiandika kanuni zako kwa wino wa dhahabu. Zaidi ya hayo, simbi haiangukii pande zake mbili kwa uwezekano sawa, na kila moja ina tabia yake, kwa hiyo hesabu za mwandishi zingekuwa za kubahatisha.

Suluhisho lilitoka katika aibu ya zamani ya TSR wenyewe. Mwaka 1979 dadu ziliadimika, na maboksi ya wanaoanza ya wakati huo yakauzwa na vipande vya karatasi vyenye namba, vya kukata na kuokota kutoka kikombeni. Ilikuwa njia ya kujiokoa tu. Lakini kitu kilichokuwa dharura kule kinaweza kuwa chaguo hapa.

Wakachukua vifungo vya koti kumi na viwili vya aina moja, wakaviandika 1 hadi 6 mara mbili, wakavitia katika mfuko mdogo ulioshonwa kwa kipande cha leso. Mchezaji anachota viwili bila kutazama, anajumlisha. Vipande vya kadibodi vilijaribiwa kwanza vikakataliwa: makali ya mkasi hayafanani, na kidole kinajifunza upesi.

Kanuni za dadu ya pande ishirini zikaachwa. Badala yake wakachukua mtindo uliopata umaarufu kupitia Apocalypse World, mchezo wa uhusika wa mwaka 2010. Jumla ya 10 au zaidi, umepata ulichotaka. 7 hadi 9, umepata lakini unalipa. 6 au chini, mtambaji anasema balaa gani limekuja. Mwandishi aliogopa kwamba vifungo vingeharibu uwiano, kwa hiyo tuliukokotoa. Kwa dadu mbili za kawaida, 10 na zaidi huja mara 6 kati ya 36, yaani asilimia 16.7, 7 hadi 9 ni asilimia 41.7, 6 na chini pia 41.7. Kwa vifungo kumi na viwili, jozi zinazowezekana ni 66. Kati ya hizo 10 zinatoa 10 na zaidi, asilimia 15.2, 29 zinatoa 7 hadi 9, asilimia 43.9, 27 zinatoa 6 na chini, asilimia 40.9. Tofauti hiyo hakuna atakayeihisi mezani. Wenye kutaka dadu za ludo watumie, wasiotaka wachote, na kitabu kinabaki kimoja.

Hilo lilikuwa jibu la swali la mzee. Jibu la tatizo la ludo lilikuja lenyewe mchezo ulipofika barazani mara ya pili, safari hii na mfuko: mfuko anaushika mtambaji. Huwezi kuchota kabla hajakunyooshea. Na yeye hanyooshi mpaka asikie unataka nini, kwa sababu akinyoosha mapema anabaki mkono umening'inia na watu wanamtazama. Hapakuhitajika kuandika sura juu ya wakati wa kuita bahati. Kijana aliyeshika mfuko alijikuta akisema, "Ngoja, ngoja, wataka kufanya nini hasa?", maneno yale yale ambayo mwandishi huyasema nyumbani kwake Tudor.

Nimekaa na kulifikiria jambo hili kuliko mengine yote ya kisa. Tunapounda mchezo huwa tunadhani chombo cha bahati ni suala la hesabu. Kumbe nani amekishika ni suala la mazungumzo, na mazungumzo ndiyo mchezo.

Wahesabu wa dhumna

Mfuko ulileta na tabia yake. Mtambaji wa Kibokoni hakurudisha vifungo baada ya kila mchoto, alivipanga mbele yake. Hakuna aliyemwambia arudishe, karatasi ilikuwa kimya. Wachezaji wa dhumna wana jicho la kujua nini kimetoka na nini kimebaki. Haikuchukua muda wakaanza: "Sita zote mbili zimetoka, mwache huyu achote, mie nangoja mfuko mpya."

Vifungo vyote vikijumlishwa ni 42, michoto sita, wastani wa 7 kila mmoja. Ukiachia mfuko uishe, wa mwisho anajua kabisa atapata ngapi. Mwandishi alitaka iandikwe kanuni ya kurudisha kila mara, kwa hoja kwamba hofu inakufa mtu akijua. Mwalimu alitaka iachwe, kwa hoja kwamba wale vijana walikuwa wamepata ndani ya usiku mmoja kitu cha kuwa mahiri nacho, na boksi la kuanzia haliwezi kutoa zawadi kubwa zaidi ya hiyo. Mimi nilikuwa upande wa mwalimu, isipokuwa ule mchoto wa mwisho. Wakakubaliana: vikibaki vinne, vyote vinarudi mfukoni. Hivyo kuhesabu kunafaa lakini hakukupi hakika. Na kwa asiyehesabu hakuna kinachoharibika, maana uwezekano wa mchoto wa tatu, ukiutazama kabla mfuko haujaguswa, ni sawasawa na wa kwanza.

Karatasi zilivyopangwa upya

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa yalikuwa na jibu tangu yale maboksi ya 1983 na 2014 na kilichohitajika ni kukubali tu.

Wahusika sita wameandaliwa, kila mmoja kwenye kadi moja: mpiga mbizi, mwashi, mkalimani, mjane mwenye ghala, nahodha asiye na chombo, mtabibu wa mitishamba. Kila kadi ina jambo moja analoliweza, linaloongeza moja kwenye mchoto, na jambo moja analomdai au kudaiwa na mtu aliye ndani ya ngome. Deni la mlinzi lilitoka barazani likaingia kwenye karatasi. Kanuni ya mpita njia imeandikwa nyuma ya kadi: akikaa mtu mpya, mpe kadi iliyobaki, naye alikuwa amejificha chini ya magunia muda wote. Akiaga, mhusika wake anabaki kulinda mtumbwi. Barazani watu huja na kwenda, na mchezo unaotaka watu wale wale watano kwa saa tatu mfululizo umeandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine.

Karatasi ya mtambaji ni ukurasa mmoja, na inaanza katika njia ya matao, ile iliyopo ngomeni mpaka leo inayoshuka kupitia mwambani hadi usawa wa bahari. Maneno ya kusoma kwa sauti ni mistari michache: giza, maji yanapanda, magunia yanaanza kulowa, juu mtu anakohoa. Kisha swali, mnafanya nini? Kanuni ya kwanza inatajwa pale tu mtu anapojaribu jambo ambalo mlinzi angeweza kulisikia. Ya pili inangoja mtu aumie.

Sura ya historia iliondolewa, na mwandishi aliumia kuiondoa. Ajabu ni kwamba baada ya usiku wa pili wachezaji ndio waliouliza: kwani kweli watu wa pwani walikuwa ndani pamoja na Wareno? Akina nani? Kwa nini? Mwandishi akawatumia sura ile ile kwa WhatsApp, neno kwa neno, na safari hii wakaisoma na kubishana juu yake. Sasa imechapwa kama karatasi ya kukunja yenye maandishi juu: baada ya kucheza.

Lililobaki bila jibu ni mtambaji mwenyewe. Karatasi inamwezesha yeyote kuendesha usiku wa kwanza, lakini kwenye baraza lile mfuko haujatoka mkononi mwa yule msemaji, na hakuna anayetaka utoke. Mwenye boksi wa asili, aliyesoma kurasa nne kwa uvumilivu, hajawahi kuushika. Mwalimu anafikiria kuandika mkasa wa pili unaolazimisha mfuko uhame. Mwandishi anasema kila baraza lina msemaji wake na mchezo usijifanye haujui hilo. Bado wanabishana.

Boksi nalo limeondoka. Kadibodi ngumu ndiyo iliyokuwa inakula pesa kuliko karatasi zote, na mfuko wa leso ulikuwa tayari unashonwa, basi wakaufanya mkubwa kidogo, kadi na karatasi zilizokunjwa zikaingia ndani pamoja na vifungo. Hilo limeweka mpaka kwa mwandishi: kisichokunjika kuingia mfukoni hakichapwi. Mchoro wa ngome sasa uko kwenye karatasi ya mbele inayoning'inia kwa uzi, kwa sababu mwenye duka wa kwanza aliyekubali kuuza alisema hana rafu ya kitu laini, ana misumari. Na kila mfuko una vifungo viwili vya akiba visivyo na namba. Kile cha Kibokoni chenye 6 kilipata ufa, na haikupita muda kila mkono ulioingia mfukoni ukawa unakitafuta.